Kijiti na Vocha: Kupima na Kurekebisha Oili ya Injini Baada ya Kuibadilisha Chamani

Vyama vingi vya msingi vilivyo na gari, trekta au mashine ya kukobolea havipeleki chombo gereji kila oili inapotakiwa kubadilishwa. Gereji iko mbali, gharama ya safari hukaribia gharama ya oili yenyewe, na katika msimu wa ununuzi siku moja ya gari kulala mjini ni siku ambayo mazao ya wanachama hulala njiani. Kwa hiyo dereva huifanya kazi hiyo mwenyewe kwenye ua wa chama, akiwa na spana mbili na karai. Jambo hili si baya. Kumwaga oili chakavu na kufunga chujio jipya ni kazi ambayo mtu makini huielewa kwa kuonyeshwa mara moja au mbili. Makosa yanayoviumiza vyama hutokea baada ya hapo, katika ile nusu saa ambayo watu hudhani kazi imekwisha, yaani wakati wa kujua ni oili kiasi gani imo ndani ya injini, na wakati wa kukiandika kiasi hicho katika vitabu.

Katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa, chenye Land Rover ya zamani ya aina ya Series III, kamati ilikuwa imepitisha kanuni iliyoonekana kuwa ya busara. Oili ilikuwa ikipotea stoo mara kwa mara wala mchukuaji hakujulikana. Ikaamuliwa kwamba kila oili inapobadilishwa dereva apewe makopo mawili ya lita 4 kila moja, na jioni ayarejeshe kwa katibu yakiwa matupu, ndipo vocha itiwe sahihi. Dereva akatii. Jioni alifika ofisini na kusema, "Ndugu Katibu, makopo ni haya, yote mawili." Katibu akayageuza chini juu, akaona hayatoki kitu, akaandika kwenye leja: lita 8, zimetumika zote. Hesabu ikalingana.

Baada ya wiki chache, katikati ya msimu, gari hilo lilishindwa kupanda mlima likiwa na magunia ya kahawa. Injini ilinguruma kwa nguvu, lakini magurudumu hayakuongeza mwendo. Fundi alipoitwa na kuishusha giaboksi aliikuta sahani ya klachi imelowa oili. Alipokwenda kwenye kijiti cha kupimia, kile ambacho mafundi wengi hukiita dipstiki, aliona kwamba pamoja na oili yote iliyokwisha kuvuja, usawa ulikuwa bado juu ya alama ya juu. Gari lililala siku kadhaa, kahawa ikachukuliwa kwa gari la kukodi, na kamati ikaamua gharama ya klachi ikatwe kwenye mshahara wa dereva.

Yafaa kuitazama hesabu yenyewe. Kwa Land Rover za aina hiyo zenye injini ya silinda nne, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kitabu cha gari huonyesha kwamba sampu huchukua lita 6 za oili, na chujio huchukua lita 0.85 zaidi. Jumla ni lita 6.85. Aliyemimina lita 8 amezidisha lita 1.15, na hapo haijahesabiwa oili kidogo ya zamani ambayo hubaki ndani hata baada ya kumwaga. Kanuni ya makopo matupu ilimtaka dereva aweke ndani ya injini kitu ambacho injini haikuwa na mahali pa kukiweka. Kama angebakiza lita moja na kuirudisha, vocha isingetiwa sahihi, na huenda angeulizwa kwa nini hakuitumia. Kama angeimwaga kichakani ili makopo yawe matupu, leja ingelingana vilevile na klachi ingepona. Kanuni inayomfanya mtu mwaminifu aharibu gari, na yule mjanja alinusuru, ina kasoro, hata kama iliwekwa kwa nia njema.

Ili kufahamu kwa nini lita moja tu yaweza kuleta hasara hiyo, inafaa kujua oili hufanya nini. Chini ya injini kuna bakuli la chuma, ndilo sampu. Oili hukaa humo. Pampu huivuta kupitia bomba lenye wavu, huisukuma katika chujio, kisha huipeleka kwenye beringi za kranki, kwenye kemshafti na sehemu nyingine zinazosuguana, na mwishowe oili hudondoka yenyewe na kurudi kwenye sampu. Inapozunguka hivyo hutenganisha chuma na chuma, huondoa joto, na hubeba masizi na chembe ndogo za uchafu hadi kwenye chujio. Katika baadhi ya injini ndogo za zamani za mashine za kusaga hakuna pampu ya nguvu. Kijiko kidogo kilicho chini ya fimbo ya pistoni huchota oili kwa kila mzunguko na kuirusha juu. Injini za namna hiyo huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu usawa ukishuka chini ya mahali kijiko kinapofika, kijiko hupiga hewa na beringi hubaki kavu ilhali bado kuna oili tele ndani.

Madhara ya upungufu yanajulikana na watu wengi. Gari linapopanda mlima au kukata kona, oili chache huenda upande mmoja wa sampu, bomba la pampu huvuta hewa, na kwa nukta chache beringi hukosa chakula chake. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi huwaka na kuzimika. Dereva asiyejua hufikiri ni waya. Ieleweke kwamba taa hiyo haipimi wingi wa oili bali msukumo wake, na inapowaka kwa upungufu madhara huwa yamekwisha kuanza. Anayengoja taa ndipo apime amechelewa.

Madhara ya kuzidisha hayajulikani sana, na wapo wanaoamini kwamba oili ikizidi ni akiba. Si akiba. Usawa unapopanda mno, kranki inayozunguka mara elfu moja au mbili kwa dakika huanza kuipiga oili kama mwiko unavyopiga mayai. Oili hujaa mapovu, na mapovu ni hewa. Pampu huvuta hewa hiyo na kuipeleka kwenye beringi, kwa hiyo injini iliyozidishiwa yaweza kufa kwa njia ileile ya injini iliyopungukiwa. Joto huongezeka. Oili hurushwa kwa wingi kwenye kuta za silinda kuliko ringi zinavyoweza kuikwangua, moshi wa buluu hutoka nyuma, na mwisho wa kranki sili hulowa kuliko ilivyokusudiwa. Sili iliyo mpya huenda ikastahimili. Iliyochakaa, kama ile ya gari la chama kilichotajwa, huachia, na jirani yake wa karibu ni klachi. Kwenye Land Rover za zamani kuna tundu dogo chini ya kasha la flaiwili, ambalo huzibwa kwa skrubu maalumu gari linapovuka maji. Wakati mwingine wote huachwa wazi. Tone la oili safi kwenye tundu hilo ni onyo kwamba sili ya nyuma inapitisha. Dereva wa chama kile aliliona tone hilo, akalipangusa kwa tambara, na hakulitaja kwa mtu.

Kuna hatari moja zaidi kwa injini za dizeli. Oili iliyozidi huweza kupita katika bomba la kupumulia la injini na kuingia kwenye njia ya hewa, na injini ikaanza kuiunguza kama dizeli. Hapo mwendo wake hupanda wenyewe, na kuzima swichi hakusaidii kwa kuwa swichi hukata dizeli tu, wala haikati oili. Tukio hili si la kila siku, lakini likitokea, dereva hana budi kuingiza gia ya juu kabisa, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi ili injini ilazimike kusimama, na watu wengine wakae mbali na boneti. Kwa mashine isiyo na gia njia iliyobaki ni kuziba mahali inapoingilia hewa kwa ubao mpana. Mkono au nguo visitumike kamwe, kwa sababu mvuto wake ni mkubwa.

Sasa kuhusu kupima kwenyewe. Jambo la kwanza ni mahali. Gari lililoinama huonyesha uongo, na ua wa vyama vingi vya milimani hauna hatua kumi zilizo sawa. Chama kichague sehemu moja, kiisawazishe kwa jembe na kuihakikisha kwa pima-maji ya fundi mwashi, kisha vipimo vyote vifanyike hapo na si kwingine. Gari likiwa limepandishwa kwa jeki upande mmoja halipimwi. Wala halimwagwi oili likiwa limeinama, kwa kuwa oili chakavu hubaki kwenye kona ya sampu, na hicho ni chanzo cha kwanza cha kuzidisha: mtu hudhani ametoa yote, kumbe lita nzima imebaki. Kadhalika oili imwagwe injini ikiwa na uvuguvugu, si baridi kabisa, kwani oili baridi hutoka polepole na huacha nyingi nyuma. Isiwe ya moto wa kuunguza, maana humwagikia mkononi mara nati ya sampu inapoachia.

Oili chakavu ikingwe katika chombo kinachojulikana ujazo wake, na ipimwe. Vyama vichache hufanya hivyo, nalo ni jambo lenye faida ambayo itaelezwa hapa chini. Washa ya nati itazamwe kabla ya kuirudisha. Chujio la zamani likitolewa, mpira wake utafutwe, kwani mara nyingine hubaki umeganda kwenye injini. Anayefunga chujio jipya juu ya mpira wa zamani ataona oili ikichuruzika mara injini inapowaka, na katika dakika chache sampu yaweza kubaki tupu. Mpira mpya upakwe oili kidogo, na chujio likazwe kwa mkono.

Wakati wa kumimina, tarakimu iliyo kwenye kitabu cha gari ni mwongozo. Mwenye kauli ya mwisho ni kijiti. Maneno haya ndiyo katibu anayopaswa kuyakumbuka kuliko mengine yote. Ikiwa kitabu kinasema lita 6.85, dereva amimine kwanza lita 6 kwa kibuyu chenye alama za kipimo, kisha angoje. Oili humiminwa juu, na huchukua dakika kadhaa kuteremka hadi chini. Anayepima mara tu baada ya kumimina huona usawa mdogo, huongeza, na oili iliyokuwa njiani inapofika chini tayari amezidisha. Hicho ni chanzo cha pili.

Baada ya dakika kama tano kijiti kivutwe, kifutwe kwa tambara safi lisilotoa nyuzi, kirudishwe hadi kikae kabisa mahali pake, kivutwe tena, ndipo kisomwe. Usomaji wa mara ya kwanza hautumiki, kwa kuwa oili iliyoshika kando ya bomba hukipaka kijiti na kukionyesha kimelowa juu kuliko ukweli. Oili mpya ni nyeupe na nyembamba machoni, na juani haionekani vizuri. Inafaa kukishika kijiti kikiwa kimelala, juu ya karatasi nyeupe. Kama upande mmoja unaonyesha juu na mwingine chini, ufuatwe ule ulio chini, kisha kipimo kirudiwe.

Kijiti kina alama mbili. Oili ikiwa katikati yake injini ni salama, na baada ya kubadilisha inatakiwa ifike karibu na alama ya juu bila kuipita. Lakini kipimo hiki cha kwanza si cha mwisho, maana chujio jipya bado ni tupu. Injini iwashwe bila kukanyagwa. Taa ya oili itabaki inawaka kwa nukta chache wakati chujio linajaa, halafu izimike. Isipozimika katika muda huo mfupi injini izimwe mara moja. Taa ikizimika, injini iachwe ingurume polepole kwa dakika moja au mbili, na mtu aiangalie nati ya sampu na ukingo wa chujio kama kuna tone. Kisha izimwe, na watu wangoje dakika kumi. Kijiti kikivutwa sasa kitaonyesha usawa umeshuka. Upungufu huo ndio oili iliyokwenda kukaa kwenye chujio, na ndio unaojazwa, nusu lita au pungufu kwa mara moja, kwa kupima na kungoja kila baada ya kumimina. Asubuhi ya pili, kabla gari halijawashwa, kijiti kisomwe tena, na hicho ndicho kipimo kinachoandikwa. Vitabu vingine vya magari hutaka injini ipimwe ikiwa baridi na vingine ikiwa imepata moto kisha ikapumzishwa. Kitabu cha chombo chenyewe kifuatwe, na desturi iwe moja, ili kipimo cha mwezi huu kilinganishwe na cha mwezi uliopita kwa haki.

Mara nyingi huulizwa ni oili kiasi gani hukaa kati ya alama ya chini na ya juu. Kwa magari mengi madogo ni karibu lita moja, lakini kwa malori na matrekta huzidi hapo, na haifai kukisia. Chama chaweza kujipatia jibu chenyewe bila gharama. Siku ya kubadilisha oili, injini ikiwa imekwisha washwa na chujio limejaa, oili iongezwe nusu lita baada ya nusu lita na kijiti kisomwe kila mara, kuanzia inapogusa alama ya chini hadi inapofika ya juu. Tarakimu zinazopatikana ziandikwe kwenye kipande cha kadi na kubandikwa ndani ya mlango wa gari au kwenye ukuta wa chumba cha mashine. Tangu siku hiyo dereva yeyote, hata mgeni, atajua kwamba kijiti kikisoma katikati kinadai kiasi kadhaa, na katibu anayetoa oili stoo atajua vivyo hivyo. Kwa njia hiyohiyo hugundulika kijiti kisicho cha injini hiyo. Injini za zamani zimepitia mikono mingi, na si ajabu kukuta kijiti kilichotolewa kwenye gari jingine, kirefu au kifupi kuliko kinavyotakiwa, kikitoa ushahidi wa uongo kwa miaka.

Ikiwa oili imezidi, kwanza ipimwe upya kwa utulivu. Ziada ndogo ya milimita moja au mbili juu ya alama haina haja ya kusumbua watu. Zaidi ya hapo itolewe, na gari lisiendeshwe kwa matumaini kwamba oili itaungua yenyewe. Namna iliyo bora ni kupitisha mpira mwembamba katika bomba la kijiti na kuivuta kwa pampu ndogo ya mkono. Isivutwe kwa mdomo, kama watu wanavyozoea kuvuta petroli, nako ni kuzoea kubaya. Pasipo na pampu, nati ya sampu hulegezwa polepole injini ikiwa imepoa, oili ikakingwa katika chombo safi, na nati ikakazwa tena kabla haijatoka nyingi. Kazi hii yahitaji mkono mwepesi, na ni vyema watu wawili wawepo. Oili iliyotolewa siku ileile ya kubadilishwa, ikakingwa kwa chombo safi kisicho na maji wala vumbi, bado ni mali ya chama. Irudishwe stoo katika kopo lenye kifuniko na maandishi yanayotaja aina yake, tarehe na gari ilikotoka, na itumike kujazia gari hilohilo.

Ikiwa imepungua, hujazwa kwa oili ya aina ileile. Kopo huwa na maandishi ya namna mbili. Mfano wa 15W-40 hueleza uzito wake: namba ya kwanza ni tabia ya oili wakati wa baridi na ya pili ni wakati wa moto. Herufi zinazoanza na C, kama CF-4 iliyoanza mwaka 1990, CI-4 ya mwaka 2002 na CK-4 ya mwaka 2016, hueleza daraja la oili kwa injini za dizeli. Kitabu cha gari hutaja kinachotakiwa. Dereva akipungukiwa njiani na kukosa aina yake, kujazia oili ya injini ya aina nyingine iliyo karibu ni afadhali kuliko kuendelea na upungufu, mradi atoe taarifa anaporudi. Oili ya giaboksi au ya haidroliki haijazwi kwenye injini.

Kuna hali ya tatu ambayo huwadanganya hata waangalifu: oili inayoongezeka yenyewe. Kijiti kilisoma katikati wiki iliyopita, hapana aliyejaza kitu, na leo kinasoma juu ya alama. Wapo waliofurahia hali hiyo. Kwa hakika kitu kingine kimeingia. Oili ikiwa nyembamba na yenye harufu ya dizeli, dizeli inavuja kutoka kwenye pampu au nozeli. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji, na pengine gasketi ya silinda hedi imepasuka. Katika hali zote mbili gari lisimamishwe na fundi aitwe, maana kupunguza oili hapo hakutibu chochote.

Katika upande wa vitabu, ndipo katibu anapoingia. Leja ya stoo yenye safu moja tu ya "iliyotolewa" haitoshi kwa oili. Zinahitajika safu za iliyotolewa stoo, iliyomiminwa, iliyoongezwa baada ya kuwasha, iliyorudishwa stoo, oili chakavu iliyotoka, kipimo cha kijiti asubuhi ya pili, na kilomita au saa za mashine. Kwa mfano wa makopo mawili: lita 8 zimetolewa, lita 6 zimemiminwa, lita 0.7 zimeongezwa, lita 1.3 zimerudi. Jumla ya matumizi na marejesho ni 8. Vocha inalingana, injini nayo ina haki yake. Dereva na mtunza stoo watie sahihi pamoja. Mjumbe mmoja wa kamati akishuhudia usomaji wa asubuhi, hasa katika vyama ambako kuna kutoaminiana, maneno mengi huepukwa.

Baadhi ya makatibu husema kwamba safu hizo ni kazi ya bure, kwa kuwa lengo lao ni kuzuia wizi na makopo matupu yanatosha. Makopo matupu hayathibitishi oili ilikwenda wapi. Huthibitisha tu kwamba haimo tena kwenye makopo. Anayetaka kuiba lita moja huimimina kwenye chupa na kulirejesha kopo tupu bila wasiwasi. Kijiti ndicho kisichoweza kushawishiwa kwa urahisi, kwa sababu lita iliyokwenda kwenye chupa haitaonekana juu yake asubuhi. Zaidi ya hayo, oili chakavu inayopimwa inapotoka husema jambo lingine. Iwapo ziliingia lita 6.7, zikaongezwa 2 katika muda wote wa kazi, na zikatoka 5.5, basi lita 3.2 zimeungua, zimevuja, au hazikuingia kamwe. Muda wa pili zikiwa 4, na wa tatu zikiwa 5, kamati ina habari kwamba injini inachakaa au kuna sili inayopitisha, na yaweza kutenga fedha za matengenezo kwenye makisio kabla ya msimu. Pia itakuwa na karatasi ya kuonyesha mkutano mkuu kwa nini fedha hizo zinaombwa. Vyama vingi huomba fedha za injini baada ya injini kufa, na wanachama hupiga kelele kwa haki.

Oili chakavu isimwagwe ardhini wala mtaroni. Vyama vingi vya kahawa viko juu ya vyanzo vya maji vya vijiji vizima, na oili kidogo huharibu maji mengi. Kuipaka mkononi au kwenye ngozi kwa muda mrefu kunadhuru, kwa hiyo dereva apewe glavu na sabuni. Ihifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wenye kibali.

Katika chama kilichotajwa, shauri lilirudi mbele ya kamati baada ya vitabu kukaguliwa. Kitabu cha gari kililetwa mezani, ukurasa wa ujazo wa oili ukasomwa kwa sauti, na mjumbe mmoja mzee akamuuliza katibu, "Ndugu yangu, sasa hizo lita 8 tulizipata wapi?" Ikaonekana zilitoka kwenye ukubwa wa makopo ya dukani. Kamati ikafuta kanuni ya makopo matupu na kuagiza leja ichorwe safu mpya. Dereva alionywa kwa maandishi kwa kutotaja lile tone la oili alilolipangusa. Makato ya mshahara wake yalisimamishwa, na fedha zilizokwisha kukatwa akarudishiwa kwa vocha ya mwezi uliofuata.